Jinsi ya kulisoma jiwe la graniti: lilizaliwa wapi na laweza kubeba madini gani

Mjomba wangu alifika kwangu Changamwe usiku na gunia la unga limejaa mawe, katoka nayo upande wa Maungu, na kabla ata hajapewa maji ashafungua gunia katoa jiwe moja lang'aa kama dhahabu ukilielekeza kwa balbu. Kuna dalali alikuwa ashamla elfu kumi na tano ati kwa kumuonyesha eneo. Nikachukua sindano ya kushonea nikachokoa pale panapong'aa, pakabanduka vigamba vigamba, vyepesi, kimoja kikaruka na upepo wa feni. Dhahabu haibanduki hivyo, ukiidunga sindano inabonyea tu. Ile ilikuwa ulanga, wengine mwaita maika, ile nyeusi ambayo ikikaa na mvua na jua miaka mingi hugeuka rangi ikawa kama dhahabu. Mjomba akanyamaza, akakunja mdomo wa gunia taratibu, na mimi niliumia manake najua zile pesa zilikuwa za mabati ya nyumba.

Basi naandika hii kwa yeyote mwenye mjomba kama wangu, ama wewe mwenyewe ukiwa wapenda mawe. Watu wengi waanza na kinachong'aa na hapo ndo wanapoliwa. Anza na kilichoyeyuka. Graniti ni mwamba uliokuwa uji wa moto chini ya ardhi, ule uji twauita magma, ukapoa polepole sana kabla haujafika juu, na madini yatakayokuwemo yategemea uji huo ulitokana na kuyeyuka kwa kitu gani, ulikuwa sehemu gani ya dunia, na ulikuwa na oksijeni kiasi gani. Ukijua hayo waweza kusema "hapa tafuta shaba" ama "hapa tafuta bati" (ile metali, si mabati ya paa) ama, mara nyingi zaidi, "hapa hakuna kitu twende zetu". Na graniti nyingi duniani hazina kitu cha kuchimba, hilo uliweke moyoni mapema.

Vifaa si vingi. Lenzi ndogo ya kukuza mara 10, nyundo, miwani ya kukinga macho, kisu cha chuma, ndimu, sindano, mifuko ya plastiki ya kufunga na kalamu ya maka. Alafu sumaku, na hapa usitumie pesa, vunja spika iliyokufa utoe ile ya nyuma. Vumbi la mawe haya usilichezee, lina kwatzi na kwatzi ikiingia kwenye mapafu haitoki, kwa hivyo ukisaga kitu kilowanishe kwanza na uvae maski, na kinu cha jikoni kiache jikoni.

Mawe ya kufanyia mazoezi utayapata wapi na sisi twakaa kisiwani? Hapa Mombasa chini ya miguu yetu ni matumbawe, ndo mawe ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, na ukivuka ukapanda na barabara ya Nairobi wakutana na mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, yote hayo ni mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama likagandamana, hakuna graniti. Ni mpaka upite Taru, uanze kuikaribia Mackinnon Road, ndo unaingia kwenye miamba ya kale kabisa inayoendelea Maungu mpaka Voi na milima ya Taita. Lakini mjini graniti imejaa, imekuja kwa meli! Nenda kwa mafundi wanaokata kaunta za jikoni, waombe vile vipande vya pembeni wanavyotupa, wengi watakupa bure. Mimi nina kreti nzima chini ya kitanda na kila kipande kimenifunza kitu.

Kwanza hakikisha ni graniti kweli. Kamulia ndimu, likitoa mapovu hiyo ni marumaru ama jiwe la chokaa. Kwaruza na kisu, graniti ya kweli kisu hakiikati, chaacha tu mstari wa chuma chake juu yake. Alafu lowanisha upande uliovunjika, si ule uliopigwa polishi, uangalie na lenzi. Utaona punje za kijivu zisizo na umbo maalum, kama kioo cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa ufuoni, hiyo ni kwatzi. Utaona punje nyeupe ama za waridi zenye uso bapa, geuza jiwe polepole uso mmoja mmoja utawaka kama kioo kidogo alafu utazima, hiyo ni feldispa. Na zile nyeusi hapo katikati ndo za kukaa nazo sana manake ndo zinazosema ukweli wa jiwe. Kama hakuna kwatzi kabisa na jiwe lote ni jeusi, hilo si graniti ata kama dukani liliandikwa graniti, mengi ya zile kaunta nyeusi tii ni gabro ama dolaraiti, miamba ya magma iliyo ndugu wa mawe meusi ya volkano.

Sasa punje nyeusi. Mwaka 1974 wanajiolojia Bruce Chappell na Allan White, waliokuwa wakifanya kazi kwenye milima ya kusini mashariki mwa Australia, waliandika kuwa graniti za pale ni za namna mbili na tofauti yake ni kile kilichoyeyuka. Moja ilitokana na kuyeyuka kwa miamba ambayo yenyewe iliwahi kuwa magma, wakaiita aina ya I. Nyingine ilitokana na mashapo, yaani udongo na tope la zamani lililozikwa chini sana mpaka likayeyuka, wakaiita aina ya S. Mpaka leo hii ndo ngazi ya kwanza tunayopandia. Aina ya I utaikuta na honiblendi, vijiti vyeusi vya kijani iliyoiva, pamoja na ulanga mweusi, na mara nyingi ina mabaka ya mviringo meusi ndani yake kama matone ya kitu kingine kilichochanganyika. Aina ya S haina honiblendi, ina ulanga mweusi na mara nyingi ule mweupe pia, na yaweza kuwa na ganeti, zile punje nyekundu za mviringo, na mabaka yake huwa ni vipande vya mwamba wa mashapo ambao haukuyeyuka ukaisha. Udongo una alumini nyingi, ndo maana. Ukipeleka maabara wanahesabu moli (kipimo cha idadi ya chembe) za oksidi ya alumini, wanagawanya kwa zile za oksidi za kalsiamu, sodiamu na potasiamu kwa pamoja, jibu likizidi 1.1 hiyo ni dalili kubwa ya S.

Lakini tahadhari kwa watu wa Taita: ganeti zetu nyingi ziko kwenye naisi, mwamba uliobanwa na kupashwa moto bila kuwa graniti, usione ganeti ukaruka kusema aina ya S. Naisi ina mistari kama mkeka, graniti punje zake zimetawanyika kila upande.

Hatua ya sumaku ndo naipenda kuliko zote, nimekaa nayo usiku mzima wakati mwingine. Vunja kipande kidogo, kisage na maji kidogo, acha kikauke, funika sumaku na plastiki nyembamba uipitishe juu ya unga. Kwenye kipande kimoja nilichopewa na fundi, cha waridi, ndevu nyeusi zilisimama juu ya plastiki, nyingi, kila nikizipangusa zaja zingine. Kwenye kingine cheupe chenye ulanga wa aina mbili sikupata ata unywele. Kile cha kwanza kina magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, cha pili hakina, na tofauti hiyo Mjapani Shunso Ishihara aliifanya kuwa mgawanyo mkubwa mwaka 1977: graniti za magnetaiti, zenye magnetaiti kama asilimia 0.1 mpaka 2 ya jiwe, na graniti za ilmenaiti (madini ya chuma na titani) ambazo hazifiki 0.1.

Kwa nini hilo lina maana? Hapa twende taratibu kidogo manake ndo kiini. Magnetaiti ikiwa nyingi maana yake magma ilikuwa na oksijeni ya kutosha. Kwenye magma ya hivyo salfa yashikana na oksijeni inabaki imeyeyuka, haiganduki mapema na kuizamisha shaba huko chini. Shaba inabaki kwenye uji mpaka mwisho, maji ya moto yakitoka kwenye magma yanaibeba pamoja na dhahabu na molibdenamu. Bati kwenye magma hiyo hiyo laharibikiwa, manake likipata oksijeni nyingi linafanana na titani, linaingia kidogo kidogo kwenye punje za kawaida za jiwe, linatawanyika mwamba mzima wala hutalikusanya. Geuza sasa. Magma iliyotokana na tope lenye mabaki ya viumbe, yaani kaboni, oksijeni imenyonywa yote. Hapo magnetaiti haipatikani, shaba yapotea mapema, lakini bati halina pa kuingia, linasukumwa mbele na mbele mpaka tone la mwisho la uji. Kwa hivyo sumaku ya spika inakwambia: ikivuta, fikiria shaba, isipovuta kabisa, fikiria bati na tangsteni. Si hukumu ya mwisho lakini ni mwanzo ambao ata mwenye mashine ya gharama anauanzia hapo.

Hilo tone la mwisho ukitaka kulielewa fikiria mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari yanaachwa juani, chumvi inaganda, na maji yanayobaki yanakuwa machungu manake kila kisichoingia kwenye chumvi kimebaki humo. Magma nayo ni hivyo, feldispa na kwatzi zikiganda zinachukua vyao, na bati, lithiamu, tantalamu, niobiamu, boroni, florini na maji vinabaki kujazana kwenye uji unaopungua. Ukipata jiwe ambalo punje zake ni kubwa ajabu, feldispa ya kushika na mkono mzima, ulanga mweupe wa kufunua kama kurasa, hiyo ni pegmataiti, uji wa mwisho. Manono kule Kongo na Bikita Zimbabwe ni pegmataiti, zote mbili zajulikana kwa lithiamu. Kuna pia graniti iliyolishwa na maji ya moto mpaka feldispa yote ikageuka ulanga mweupe na kwatzi, yaonekana ya kijivu yenye kumetameta, waiita graizeni, ukiiona simama hapo hapo, bati hupenda kukaa humo na kwenye mishipa ya kwatzi iliyo karibu.

Haya, sasa mahali. Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa yanayosogea, na graniti yategemea mabamba hayo yalikuwa yafanya nini siku hiyo.

Pale bamba la bahari linapozama chini ya bara, kama Chile na Peru leo, bamba linalozama lina maji ndani ya miamba yake, likifika kina cha kama kilomita 100 maji yanatoka yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, na mwamba wenye maji wayeyuka kwa urahisi zaidi kuliko mkavu. Magma inayotoka hapo ina maji na oksijeni nyingi, ni aina ya I, ya magnetaiti, na ikikwama kilomita chache chini ya ardhi yale maji yanapasua mwamba juu yake vipande vipande na kuacha shaba kwenye nyufa. Chuquicamata, El Teniente, Escondida, zote ziko Chile na zote ni za namna hiyo. Ukiambiwa mgodi mkubwa wa shaba usifikirie mshipa mnene wa shaba tupu, mara nyingi shaba haifiki asilimia 1 ya jiwe, ila jiwe lenyewe ni mlima mzima.

Pale bara linapogonga bara, ganda la dunia lanenepa, mashapo yanazikwa, yapikika, yayeyuka, na hapo ndo pa aina ya S. Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano mzuri wa aina ya S ni ule mkanda unaoanzia Kagera kule Tanzania ukapita Rwanda na Burundi na Uganda kuingia Kongo, graniti zake za bati zina karibu miaka milioni 1,000, na bati, wolframaiti (jiwe la tangsteni) na koltani (jiwe la tantalamu na niobiamu) zinazochimbwa kule zinatokana na uji wa mwisho wa graniti za namna hiyo. Cornwall kule Uingereza pia ni bati la baada ya mgongano.

Alafu kuna graniti za katikati ya bamba, pale ardhi inapotanuka ama joto linapopanda bila mgongano wowote. Loiselle na Wones waliziita aina ya A mwaka 1979. Ni za moto sana, zina florini, hazina maji mengi mwanzoni, na hujaa niobiamu, zirikoni na madini adimu. Nyanda za juu za Jos, Nigeria, ndo mfano ambao kila Mwafrika mwenye kupenda mawe aujue, ukizitazama kwenye picha ya setilaiti zimekaa pete pete, na wamechimba bati na kolumbaiti (jiwe la niobiamu) pale zaidi ya miaka 100.

Na sisi je? Miamba ya Voi na Taita ni ya mkanda wa Msumbiji, mgongano mkubwa wa kama miaka milioni 650 mpaka 550 iliyopita uliounganisha bara la kale la Gondwana. Lakini tunachokiona leo ni mizizi ya milima ile, sehemu za chini kabisa, sehemu za juu ambako maji ya moto yangeacha shaba zishamomonyoka zamani. Ndo maana Taita ni vito zaidi, savoraiti na rubi, na pegmataiti za hapa na pale. Mchanga wa Kwale uliochimbwa mpaka mwisho wa 2024 kwa ajili ya ilmenaiti, rutaili na zirikoni ni punje nzito zilizotoka kwenye miamba ya bara zikasafirishwa na maji kuja pwani. Mrima, kile kilima cha Kwale wanachokizungumzia sana kwa niobiamu, si graniti, ni kabonataiti, mwamba wa magma uliojaa kaboneti kama za chokaa, hadithi nyingine kabisa. Na dhahabu ya Migori na Kakamega usiitafute katikati ya graniti, iko zaidi kwenye miamba ya kijani ya kale inayopakana nayo, kwenye mishipa ya kwatzi, ata lile jiwe linalolia la Ilesi ni graniti na watu hawalichimbi dhahabu.

Ukiwa na pesa ya maabara usiombe wapime dhahabu peke yake. Omba rubidiamu, strontiamu, bariamu, itriamu na niobiamu. Rubidiamu ikipanda huku strontiamu na bariamu zikishuka, ujue uji ulikuwa umefika mwisho mwisho. Pearce na wenzake wawili mwaka 1984 walitoa mchoro, waweka rubidiamu upande mmoja na jumla ya itriamu na niobiamu upande mwingine, na jiwe laangukia kwenye nyumba ya bamba linalozama, ya mgongano, ya katikati ya bamba, ama ya sakafu ya bahari. Nautumia lakini siuamini peke yake. Jiwe hurithi damu ya kilichoyeyuka, kwa hivyo ukiyeyusha leo mwamba wa zamani uliozaliwa kwenye bamba linalozama, mchoro utakwambia bamba linazama wakati bahari ilifungwa miaka milioni nyingi kabla. Mchoro uende na ramani na macho yako.

Kule porini usichukue jiwe moja lililo zuri, hilo ndo kosa la mjomba. Chukua la mwamba wenyewe uliokaa mahali pake, la pembeni kwenye mpaka na mwamba mwingine, na la mshipa, kila moja la ukubwa wa ngumi, na uandike lilipotoka kwa simu yako yenye GPS. Ukitaka kupima uzito shika jiwe la kwatzi mkono mmoja na lile unaloshuku mkono wa pili, yenye ukubwa sawa, kasiteraiti ambayo ndo jiwe la bati ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu ya kwatzi, mkono unajua mara moja. Na kabla ya kuchimba chochote jua Sheria ya Madini ya 2016 yataka kibali ata kwa mchimbaji mdogo, na ardhi ina mwenyewe, mwombe.

Gunia la mjomba nililimwaga lote sakafuni asubuhi yake, baada ya chai. Karibu yote ilikuwa naisi yenye ulanga uliooza. Lakini chini kabisa kulikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, feldispa nyeupe kubwa, ulanga mweupe unaofunuka kama kurasa, na vijiti vitatu vyeusi vyenye mistari ya urefu, ukivitazama kichwani vina pembe tatu zilizovimba. Tumalini nyeusi. Tumalini ina boroni, na boroni ni ya uji wa mwisho. Nikamuuliza, "Mjomba, hili ulilitoa wapi?" akasema hilo hakuambiwa na dalali, aliliokota mwenyewe karibu na mti wa mbuyu alipokaa kupumzika. Nimempa mfuko na kalamu, na tumeandika juu yake: pegmataiti, mbuyu, kaskazini ya njia, kuulizia mwenye shamba kwanza.